Admirali aliyeponzwa na ndugu zake wa Ujerumani

Vita vilipoanza Agosti 1914, Louis wa Battenberg ndiye alikuwa mkuu wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Kabla miezi mitatu haijaisha, hana kazi. Hakuuza siri yoyote. Kilichomponza ni ukoo.

Alizaliwa Graz, Austria, mwaka 1854, katika ukoo wa kifalme wa Hesse, Ujerumani. Mwaka 1868, akiwa na miaka 14 tu, alichukua uraia wa Uingereza na kujiunga na jeshi la wanamaji. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Kuanzia 1902 hadi 1905 aliongoza idara ya ujasusi ya jeshi hilo, na Desemba 1912 akapewa kiti cha juu kabisa.

Ndugu zake walijulikana. Mkewe alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, lakini baba mkwe wake alikuwa mtawala wa Hesse. Shemeji yake, Irene, aliolewa na Heinrich, mdogo wake Kaiser na admirali mkubwa wa Ujerumani. Yaani maadmirali wa nchi mbili hasimu walikuwa wanyumba, wameoa mtu na dada yake.

Julai 1914 meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimemaliza mazoezi na zinakaribia kutawanyika. Tarehe 26 waziri wake, Winston Churchill, alikuwa nje ya London na familia yake. Battenberg akatoa amri: zisitawanyike. Uingereza ilipoingia vitani Agosti 4, meli zilikuwa tayari.

Lakini shukrani haikudumu. Septemba 22, nyambizi moja ya Ujerumani ilizamisha meli tatu za Uingereza asubuhi moja, wakafa watu zaidi ya 1,400. Wananchi wakatafuta wa kumlaumu, na jina la Kijerumani lilikuwa karibu. Magazeti yakamshambulia, barua zisizo na majina zikamiminika. Uvumi ukadai eti amefungwa kwa ujasusi.

Oktoba 27, mpwa wake, Maurice, aliuawa huko Ypres akiwa askari wa Uingereza. Kesho yake Battenberg akaandika barua ya kujiuzulu. Serikali, iliyojua utumishi wake wa miaka 46, ikaikubali.

Leo kazi kama ile ina upekuzi. Marekani, kwa mfano, anayeomba kushika siri za serikali hujaza fomu na kutaja ndugu walio nje. Wapekuzi huangalia ni nchi gani, mnawasiliana kiasi gani, na kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia kwao. Kuwa na ndugu nje peke yake si hatia, na anayenyimwa ana nafasi ya kujibu. Battenberg hakupata hata nafasi hiyo. Hakuna tume iliyomhoji wala shtaka lililowekwa mezani. Mtaa ndio uliamua.

Mwaka 1917, chuki dhidi ya Wajerumani ilipomgusa hata Mfalme George V, familia ya Battenberg ikaacha vyeo vya Kijerumani na jina likageuzwa kuwa Mountbatten. Alifariki London, Septemba 1921, bila kurudi kazini.

Mwanawe wa mwisho, aliyekuwa mwanafunzi wa jeshi hilohilo baba yake alipoondoka, alikalia kiti kilekile mwaka 1955.