Mwamwindi, mkulima aliyemuua Mkuu wa Mkoa

Wadau wa Njombe na Makambako, leo tuweke Bongo Flava pembeni kidogo. Said Mwamwindi wengi tunamsikia juu juu tu kwa wazee, na kisa chake kinatuhusu. Mpaka 2012 Njombe yetu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kwa hiyo mkubwa aliyeuawa alikuwa mkubwa wetu pia.

Mwamwindi alikuwa mkulima wa mahindi Ismani, ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Dodoma. Siyo wa jembe la mkono, jamaa alikuwa na trekta. Ujamaa ulipoingia, mashamba makubwa yakatakiwa yawe ya kijiji. Aliyesimamia hilo, tena kwa ukali, ni Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu.

Siku ya Krismasi 1971 Kleruu akamkuta shambani analima. Wakazozana. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi, akafa. Sasa sikia hii: hakukimbia! Alipakia maiti kwenye gari lile lile la Mkuu wa Mkoa, akaendesha mwenyewe mpaka polisi Iringa, akajisalimisha.

Kesi aliisikiliza Jaji Onyiuke, Mnigeria. Utetezi kwamba alichokozwa ukagonga mwamba, na 1972 akahukumiwa kunyongwa. Kwa sheria yetu kuua kwa kukusudia kuna adhabu hiyo moja tu, jaji hachagui.

Hapa ndipo mimi nakwama. Kule Marekani kuna majimbo ambayo gavana anaweza kusimamisha mtu asinyongwe. Kwetu mkuu wa mkoa anaweza kukuweka ndani saa 48, ila kamba haimhusu. Ni Rais peke yake. Leo hii ibara ya 45 ya Katiba inampa uwezo wa kusamehe, kupunguza adhabu, au hata kuisimamisha kwa muda.

Kwa hiyo uhai wa Mwamwindi ukaishia mezani kwa Mwalimu Nyerere. Yaani Kleruu alikuwa mteule wake, na ujamaa ni siasa yake mwenyewe! Mwalimu hakuwa mtu wa kupenda kunyonga watu, hilo linajulikana, na angeweza kusubiri hasira zipoe. Lakini naye alikuwa ameuliwa mtu wake. Huruma haikupatikana, Mwamwindi akanyongwa.

Kleruu wamempa chuo cha ualimu pale Iringa. Na tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, ingawa hukumu bado zinatolewa.