IMAMU GHAZALI NA WASWASI WA UDHU NA NIA



Imamu Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu, alizaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 450 Hijria (1058). Alifiwa na baba angali mdogo. Alisoma Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, na mwaka 1091 akawa mwalimu katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulikataa kusomesha na chakula kikamshinda. Matabibu wakaona maradhi yametoka moyoni. Akaacha cheo, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka. Baada ya kuacha cheo hicho ndipo alipoandika Ihyaa Ulumid-Din.

Humo aliwaonya wenye kujitesa kwa maji. Aliwakumbusha kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke Mkristo. Yeye ni Shafii kama sisi, lakini alitamani katika maji machache madhehebu yetu yangekuwa kama ya Imamu Malik, kwa sababu sharti la kulla mbili linazidisha waswasi.

Katika nia alitoa mfano mwepesi. Mwanachuoni akiingia, unasimama kumheshimu. Hupangi kwanza maneno moyoni kwamba unasimama kwa ajili ya fulani. Nia ya sala ni vivyo hivyo. Akasema waswasi wa nia una sababu mbili: kutojua sheria, au kasoro katika akili. Alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111).

Ndugu zangu, sababu hizo mbili zina tiba mbili. Hapa Kindu mto Lualaba unatupitia, maji si haba, lakini wingi wa maji hauondoi waswasi. Asiyejua afundishwe: ukishatawadha kwa yakini, shaka inayokuja nyuma haivunji udhu. Anayejua, na bado mikono haiachi kunawa, anarudia takbira mpaka imamu anarukuu, huyo huenda ni mgonjwa. Tusimcheke, wala tusikimbilie kusema ana jini au imani yake ni dhaifu. Madaktari wa leo wanaujua ugonjwa huo, na unatibika. Jamaa wamsindikize hospitali, naye asiiache sala kwa kuchoka. Wangapi wameiacha hivyo, na shetani akafurahi?

Allah atuondolee waswasi, awaponye wagonjwa wetu, na aijaalie ibada yetu iwe raha ya nyoyo. Amin.