Jua la Apolo

Jioni ukisimama Arua ama Koboko, ona jua linavyoshuka upande wa Kongo, halafu mkumbuke Apolo Kivebulaya. Huyu Muganda alikuwa askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata akavuka Semliki kwa miguu kupeleka Injili Mboga. Chifu Tabaro hakumtaka kabisa. Dada ya chifu alipoangukia mkuki akafa, lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa.

Hebu fikiri, mtu wa Mungu ndani ya gereza kwa kosa ambalo si lake! Humo ndimo alimuona Yesu akiwaka kama jua, akimtia moyo kwamba yuko naye. Jua hili hili linalokausha mihogo yetu, mpendwa. Mimi siku hizi siwezi kulitazama hivi hivi tu.

Alipoachiliwa akarudi kule kule Mboga, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Baadaye Apolo akaingia msituni kwa Wambuti. Alifariki 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza alazwe kaburini kichwa kikielekea magharibi, siyo mashariki kama desturi ya kwao, kwa sababu upande huo ndiko walibaki watu hawajasikia Injili.