Munganga Hosokawa na paka namba 400

Hosokawa Hajime alizaliwa mwaka 1901 katika jimbo la Ehime, kule Japani. Alisomea uganga Tokyo, halafu akaajiriwa na kampuni ya Chisso, iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha kemikali katika mji wa Minamata, kando ya bahari. Akawa mkubwa wa hospitali ya kiwanda. Mshahara wake, basi, ulitoka kwa patron. Sisi wa sendika tunajua munganga wa namna hiyo anavyofungwa mdomo.

Mwezi wa 4 mwaka 1956 hospitali yake ililetewa mtoto msichana wa miaka 5, hawezi tena kutembea wala kusema vizuri. Siku chache tu, mdogo wake naye. Kisha majirani. Tarehe 1 mwezi wa 5 hospitali ikapeleka habari kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watu wakadhani ni wa kuambukiza, wakawakimbia wagonjwa. Lakini wengi wao walikuwa watu wa familia za wavuvi, na paka wa kule, wanaokula mabaki ya samaki, walikuwa wanazunguka kama walevi kisha wanakufa.

Kiwanda kilitumia zebaki, ile mercure ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaijua, na maji machafu yakamwagwa baharini. Mwezi wa 7 mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba sumu ni mercure ya aina ya oganiki, iliyo ndani ya samaki. Kwenye mdomo wa mfereji wa kiwanda, tani moja ya matope ilikuwa na kilo 2 za mercure. Nanyi wachimbaji mnajua kilo 2 kwa tani ni nini: kampuni yenyewe ilikuja kufungua kazi ya kuitoa na kuiuza!

Kampuni ilikana. Hosokawa yeye alikuwa amekwisha kuanza majaribio yake: kila siku alichanganya maji machafu ya kiwanda katika chakula cha paka mmoja, namba 400. Mwezi wa 10 paka akaanza kutetemeka na kuanguka, sawasawa na wale wa wavuvi. Wakubwa wa kampuni wakasimamisha majaribio, matokeo yakafichwa. Mwezi wa 12 familia zikatiwa sahihi mkataba wa pesa kidogo, wenye sharti kwamba hata kama siku moja itajulikana kiwanda ndicho chenye kosa, hawatadai tena. Paka namba 400 alikuwa amekwisha kufa. Wakubwa walijua, wavuvi hawakujua.

Na Hosokawa alinyamaza. Wengine wanamwita shujaa tu, mimi siwezi kuruka hapo. Alinyamaza, mwaka 1962 akaacha kazi akarudi kwao Ehime, na maji yenye mercure yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968.

Ndugu wa Walikale na Masisi, hii haiko habari ya Japani peke yake. Katika dhahabu ya mikono, mashariki mwa Congo, mercure inatumika. Ukiichoma juu ya moto wa jikoni, watoto wanavuta moshi wake. Ile inayomwagwa mtoni inakaa katika matope, vijidudu vinaigeuza, samaki wadogo wanaila, wakubwa wanakula wadogo, na sisi tunanunua wale wakubwa sokoni. Samaki huyo hanuki, hana rangi mbaya, na kumpika sana hakusaidii. Minamata mama hakuonyesha ugonjwa wowote, lakini mtoto alizaliwa ameharibika. Ni labo tu inayoweza kusema: wanapima nyama ya samaki, wanapima pia nywele za watu, maana mercure inabaki ndani ya nywele. Kudai vipimo hivyo kwa samaki wa mito yetu ni kazi ya sendika sawa na kudai mshahara.

Sendika ya Chisso yenyewe ilichelewa. Mwaka 1968 wafanyakazi walitangaza kwamba ni aibu kwao kuwa hawakuwapigania wagonjwa. Mwaka 1969 familia zikapeleka kampuni mahakamani. Mwezi wa 7 mwaka 1970 mahakama ikamfuata Hosokawa hospitalini Tokyo, mgonjwa wa kansa. Akiwa kitandani alieleza yote: paka, tarehe, amri ya kusimamisha. Miezi mitatu baadaye akafariki.

Tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 1973 familia zilishinda, na ule mkataba wa pesa kidogo ukatupwa. Mwaka huohuo Japani iliweka kipimo: samaki asipite miligramu 0.4 za mercure kwa kilo. Ghuba ya Minamata ilifungwa kwa nyavu, samaki wakapimwa mwaka kwa mwaka, na nyavu hazikuondolewa hadi 1997.