Mtawa wa Jangwani Aliyegongewa Mlango

Nilipokuwa mtoto chuoni, maalimu wetu alikuwa na desturi moja. Kumi la mwisho la Ramadhani haonekani barazani. Amekaa itikafu msikitini. Sisi watoto tukidhani amechoshwa na kelele zetu. Utu uzima umenifunza kuwa mja hutafuta faragha na Mola wake kwa haja kubwa zaidi, na haja hiyo si ya dini moja. Ndugu zetu Wakristo wana mafungo yao. Leo, mpenzi msomaji, nitakusimulia habari za Mkristo mmoja aliyeifuata faragha hiyo hadi jangwani, naye ni Charles de Foucauld.

Alizaliwa mjini Strasbourg, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858. Kabla hajatimia miaka sita, baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki, akalelewa na babu yake mzaa mama. Ujanani aliiacha imani, akaingia jeshini, na urithi wake akautapanya katika karamu na anasa.

Mwaka 1883 aliingia Moroko kwa siri ili kuichunguza nchi. Kwa kuwa Mkristo hakuwa na salama huko, alijivika mavazi ya Kiyahudi akaongozwa na Mardochée, rabi aliyezijua njia za huko. Safari ile ilimpatia medali ya dhahabu ya wanajiografia wa Paris. Lakini alirudi na jambo zito kuliko medali. Aliwaona Waislamu wakiziacha shughuli zao na kusimama mbele ya Mungu, siku nenda siku rudi, na moyo wake ukatikisika. Oktoba 1886 alimwendea Padre Huvelin katika kanisa la Mtakatifu Augustino, Paris, akitaka kufundishwa dini. Padre akamwambia apige magoti aungame kwanza. Tangu siku hiyo hakurudi nyuma.

Mwaka 1890 aliingia utawa wa Trappist, akakaa Ufaransa, kisha Shamu. Hata huko aliona maisha hayajawa duni vya kutosha. Mwaka 1897 alikwenda Nazareti, akawa mtumishi wa masista wa Klara, akilala kibandani, na kila alipopata nafasi yu kanisani, kimya. Mwaka 1901 akapewa upadre, akahamia Beni Abbès, Algeria, karibu na mpaka wa Moroko.

Huko ndiko ulikomkuta mtihani. Alikwenda kutafuta kimya, akapata hodi. Tangu mapambazuko hadi usiku waligonga maskini, wagonjwa, wasafiri, askari na watumwa. Wengine aliwakomboa kwa fedha, na aliwaandikia wakubwa wake akiupinga utumwa. Mlango hakuufunga, na sala hakuiacha. Alichopunguza ni usingizi: aliamka usiku, wengine wamelala, akakaa mbele ya Mola wake.

Mwaka 1905 alisogea mbali zaidi, Tamanrasset, kwa Watuareg. Mimi mtunzi wa mashairi namheshimu kwa kazi aliyoifanya huko, kwani aliandika kamusi kubwa ya lugha yao, na akakusanya maelfu ya mishororo ya mashairi yao. Kazi hizo zilichapishwa yeye akiwa kaburini.

Krismasi ya 1907 ilimkuta bila Misa. Sheria ya kanisa haikumruhusu kuisoma peke yake, na Mkristo mwingine hakuwapo. Mara akaugua karibu ya kufa. Ilikuwa mwaka wa ukame, lakini Watuareg walihangaika kumtafutia maziwa ya mbuzi wao waliokonda, wakamponya. Aliyekuja kuwapa, safari hii akapewa.

Sisemi hakuwa na dosari. Alikuwa sahibu wa maafisa wa jeshi la Ufaransa, na utawala wa nchi yake juu ya watu wale aliuona ni haki. Jambo hili tusilifiche. Tarehe 1 Desemba 1916, vita vikiwaka, watu wenye silaha walimtoa nje ya ngome yake, na kijana aliyewekwa kumlinda akampiga risasi.

Alikufa bila mfuasi hata mmoja kuishi naye. Lakini mwaka 1933 Padre René Voillaume na wenzake walianzisha udugu wa kufuata njia yake, na tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Kazi hii ya gazeti ina hodi nyingi, na miaka mingi nilijitetea kwamba sina nafasi ya kukaa kimya. Habari za mtu huyu zimeninyang'anya udhuru huo. Siku hizi naamka nusu saa kabla ya adhana ya alfajiri, nakaa kibarazani bila kalamu. Nawe msomaji, uwe wa msikiti au wa kanisa, itazame siku yako. Huenda nusu saa yako ipo, imelala tu.