KINJIKITILE NGWALE: Mganga wa bonde la mpunga aliyewatikisa Wajerumani

Mambo ya Namungo na bei ya ufuta tuyaache kidogo. Leo nataka tumzungumzie jamaa mmoja ambaye wengi tulimkuta kwenye kitabu cha historia cha sekondari, mistari minne tu, halafu mwalimu akageuza ukurasa. Tukakariri jina lake kwa ajili ya mtihani na kesho yake tukasahau. Kumbe ukifuatilia vizuri utakuta maisha yake yanatuhusu sana sisi wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, pengine kuliko mtu mwingine yeyote kwenye kile kitabu.

Jina lake Kinjikitile Ngwale. Wengine huandika Kinjeketile, yote sawa. Aliishi Ngarambe, upande wa magharibi wa milima ya Umatumbi, eneo ambalo leo lipo wilaya ya Rufiji mkoani Pwani. Ukitoka kwetu huku unavuka Mbwemkuru, unaipita Kilwa, unapanda juu kama unaufuata mto Rufiji. Watu wa kule wamelima mpunga tangu zamani. Mto unafurika, maji yakishuka ardhi inabaki na rutuba, watu wanapanda. Mpunga wa Rufiji ulikuwa unapakiwa kwenye majahazi mpaka Unguja. Mkulima na familia yake walihamia shambani kabisa, wakajenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti, wakashinda humo wakiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Anayelima mpunga hata hapa kwetu mabondeni anaelewa ninachosema. Mpunga haukusubiri. Ukiuacha siku tatu wakati unabeba, ndege wamemaliza, na mwaka mzima wenu umekwisha.

Nimeeleza habari ya mpunga kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa hasira ya watu ilitoka wapi.

Wajerumani waliziteka Kilwa na Lindi mwaka 1890. Waliowapinga walikuwepo. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na Machemba, yule chifu wa Wayao, aliwasumbua kwa miaka mingi kule juu ya nyanda za Makonde. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Halafu mwaka 1902 gavana aliyeitwa Götzen akaleta mpango wa pamba. Kila eneo lilitakiwa kuwa na shamba la pamba la pamoja, na watu walipangiwa siku za kwenda kulima chini ya usimamizi wa jumbe na akida. Akida wengi hawakuwa wenyeji wa pale, waliletwa kutoka pwani. Askari alisimama pembeni na kiboko, yaani mjeledi wa ngozi. Malipo yalikuwa kiduchu kiasi kwamba sehemu nyingine watu waliyakataa wazi wazi.

Sasa fikiria wewe. Pamba inadai mikono wakati ule ule ambao mpunga wako unadai mikono. Ukienda kwenye pamba ya serikali, ndege wanakula chakula cha watoto wako. Usipokwenda, kiboko. Na pamba yenyewe huwezi kuila. Hivyo ndivyo watu wa Umatumbi na Rufiji walivyoishi kwa misimu mitatu mfululizo kabla jina la Kinjikitile halijasikika popote.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida pale Ngarambe. Hakuwa sultani wala jumbe, na hakutoka kwenye ukoo wa kutisha. Habari yake inaanzia mwaka 1904. Wazee waliosimulia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walisema kwamba siku moja alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Akalala kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, akaanza kuteleza kama anavutwa mpaka akatumbukia kwenye dimbwi la mto. Ndugu zake wakapiga mbizi kumtafuta, hawakumwona. Wakakesha. Kesho yake asubuhi akatoka ndani ya maji, nguo zake kavu kabisa, akaanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema.

Wewe amini au usiamini, hilo ni juu yako. Mimi nimesimulia kama lilivyosimuliwa. Ila hata asiyeamini pepo inabidi ajiulize, ni kwa nini habari ya mtu mmoja aliyetoka mtoni iliwafanya maelfu waache nyumba zao na kwenda kumtazama? Mapepo watu walikuwa nayo siku zote, na waganga walikuwa kila kijiji. Huyu alikuja na ujumbe ambao watu walikuwa wanautafuta. Alisema waliokufa wapo karibu na wanaona. Alisema watu wote weusi ni wamoja, Mmatumbi, Mngindo, Mndengereko, wote wana wa baba mmoja. Na alisema ipo dawa.

Dawa yenyewe ndiyo ile maji. Maji ya mto yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Unanyunyiziwa, unapakwa, mengine unabeba. Ilisemwa kwamba aliyepata dawa hii risasi ya Mjerumani ikimgusa itageuka maji. Zilikuwepo na shuruti zake. Mpiganaji asilale na mwanamke, na asipore mali ya mtu. Watu huwa wanaisahau hii ya kupora. Ukiisoma vizuri unaona kwamba dawa ilikuja pamoja na sheria za jeshi.

Mwanzoni mwa mwaka 1905 Ngarambe ikawa kama mahali pa hija. Watu walitoka mbali, wakiwa makundi kwa makundi, ukoo baada ya ukoo. Kinjikitile alijenga nyumba kubwa ya kufanyia matambiko. Habari zilisambazwa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, na Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Hapakuwa na simu wala gazeti, lakini ndani ya miezi michache habari ilivuka mito na misitu na kufika kwetu Umwera. Halafu akatuma wajumbe wake, nao wakaitwa hongo kwa jina la yule pepo, wakapeleka dawa kwa wale wasioweza kusafiri.

Sasa wadau, hapa ndipo penye utata. Kitabu cha shule kinakupa picha kwamba Kinjikitile alisema twende vitani na watu wakaenda. Si hivyo. Kwa masimulizi yaliyokusanywa, yeye aliwaambia watu wasubiri. Aliwaambia warudi makwao, waendelee na kazi, amri ya kupigana ataitoa mwenyewe. Siku zikapita, wiki zikapita. Msimu wa kuvuna pamba ukafika na amri haijaja. Wamatumbi wakachoka. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia kwenye shamba la pamba la serikali wakang'oa mashina. Walijua fika kwamba kung'oa pamba ni kutangaza vita. Kutoka hapo haikurudi nyuma. Akida wa Kibata akakimbia, na Samanga pale pwani ikavamiwa.

Kinjikitile mwenyewe hakuiona vita. Alikamatwa akapelekwa boma la Mohoro, na tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga kwa kosa la uhaini. Vita ilikuwa na siku chache tu. Mtu ambaye jina lake limebeba vita nzima hakupigana hata pambano moja. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia Wajerumani kuwa kumnyonga hakutawasaidia kitu, dawa imeshafika mbali. Katika hilo alisema kweli. Ndugu yake akachukua kazi ya kugawa maji, na moto ukaenda kusini kwa kasi ambayo hakuna aliyetegemea.

Kusini maana yake ni sisi. Katikati ya Agosti boma la Liwale lilianguka. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa njiani kuelekea huko Liwale. Mwishoni mwa mwezi huo huo misheni ya Nyangao ilichomwa moto na sista mmoja akauawa. Nyangao ni hii hii ambayo ukitoka Ruangwa kwenda Lindi, ukishaingia barabara kubwa pale Nanganga, unaipita bila hata kugeuza shingo. Lukuledi na Masasi nako misheni zilishambuliwa. Wamwera walikunywa maji, wakapigana. Sijui kama kuna ukoo wa zamani huku ambao haukuguswa na jambo hili.

Na maji hayakuzuia risasi. Kule Mahenge tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilikabili boma lenye bunduki za rashasha na walikatwa kama majani. Habari za vifo vile zilianza kurudi, watu wakaanza kutilia shaka dawa, lakini wakati huo walikuwa wameshaingia vitani na Mjerumani hakuwa na mpango wa kusamehe mtu.

Kilichofuata ndicho kibaya zaidi, na ndicho ambacho shuleni kilipita haraka haraka. Götzen na makamanda wake waliona kwamba wakiendelea kuwawinda watu msituni vita haitaisha. Wakaamua kuwaua kwa njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yalichomwa, mazao yaliyokuwa shambani yaliharibiwa, mbegu zikachukuliwa. Mpaka vita inakwisha kabisa mwaka 1907, Wazungu waliokufa walikuwa 15. Kwa upande wetu serikali ya Kijerumani ilikadiria watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka vijijini kuwahoji wazee, alifikisha makadirio yake kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Walikufa na njaa na maradhi yanayofuatana na njaa, wanawake, watoto na wazee. Nyumba iliyokuwa na ghala lililojaa ikawa inaenda porini kuchimba ming'oko. Sehemu nyingine pori lilirudi likameza mashamba, na wanyama wakarudi pamoja nalo.

Sasa hapa ndipo watu wanapogombana, na nimewasikia wakigombana hata vijiweni. Kuna wanaosema Kinjikitile alikuwa tapeli, aliwadanganya watu wakafa kwa ujinga. Mimi sikubaliani nao. Tapeli hutafuta faida, yeye alipata kitanzi. Na hasira ya watu hakuiumba yeye, aliikuta. Alichofanya ni kuwapa watu wa makabila tofauti, ambao hawakuwa na mfalme mmoja, sababu ya kuaminiana. Hicho kitu hakikuwahi kutokea kabla huku kusini. Lakini pia sitaki kumfanya malaika. Watu waliambiwa risasi itakuwa maji na wakaziendea wazi wazi. Kama mimi ningekuwa mtoto wa aliyekufa Mahenge, sijui ningelitaja jina lake kwa sauti gani.

Ebrahim Hussein, mwandishi mkubwa wa tamthilia na mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Lindi, aliliona swali hilo hilo akaandika tamthilia ya Kinjeketile iliyotolewa mwaka 1969. Alichukua jina na historia akatengeneza mhusika wake mwenye mashaka, mtu ambaye neno lake limekua kuliko yeye. Kama kuna maktaba karibu yako, kitafute, si kikubwa, unakimaliza kwa siku moja.

Kuna jambo moja linawashangaza wengi. Kinjikitile hakuwa shehe. Dini aliyoihubiri ilikuwa ya mizimu na pepo wa mto, ingawa kule pwani Uislamu ulikuwepo karne nyingi. Bara huku kwetu wakati ule Waislamu walikuwa wachache. Ni baada ya vita, watu walipokuwa wanajenga upya vijiji juu ya majivu, ndipo Uislamu ulipoenea kwa kasi, ukiletwa na walimu wa vijijini na watu wa twariqa, hasa Qadiriyya, na dhikri zao za usiku. Mwaka 1908 Wajerumani pale Lindi waliingiwa na hofu kubwa kwa sababu ya barua iliyosemekana imetoka Makka, ikawa inapita mkono kwa mkono. Waliona kama maji yamerudi kwa jina jingine. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyefanya utafiti wake huku huku kwetu, ameandika kitabu kizima juu ya namna watu wa kusini walivyosilimu. Kwa hiyo Ruangwa hii unayoiona leo, ya adhana alfajiri na maulidi, kwa sehemu kubwa ilizaliwa kwenye miaka ile ya baada ya njaa.

Kumbukumbu kubwa za Majimaji zipo Songea. Wana makumbusho, wana uwanja wa mpira wenye jina hilo, na kila Februari wanakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea hiyo hiyo akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake. Ni vizuri, sipingi. Nandete nako kuna mnara. Ila Ngarambe, Mohoro, Liwale na Umwera hazitajwi sana kwenye hotuba.

Mnaotoka Mbekenyera, Mandawa, Nkowe, Mnacho na vijiji vingine, kama nyumbani yupo bibi au babu aliyesimuliwa na wazazi wake habari za njaa ile, jina la mtu, jina la mto waliojificha, chochote, muulizeni wiki hii na mniandikie hapa chini. Mimi nimeshaanza kuuliza kwetu. Mpaka sasa nimepata majina mawili tu, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni.