Adam Osborne: aliuza kompyuta 10,000 kwa mwezi, kisha akafilisika

Septemba 1983 kampuni ya Osborne Computer Corporation ya California, Marekani, ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ilikuwa haijafikisha miaka mitatu. Muda mfupi nyuma ilihesabiwa miongoni mwa kampuni zinazokua kwa kasi kubwa nchini humo. Mashine zake hazikuwa zimegoma kuwaka, ila wanunuzi walikuwa wameacha kuzinunua.

Mwanzilishi wake, Adam Osborne, alizaliwa Bangkok, Thailand, mwaka 1939, baba Mwingereza na mama Mpolandi. Alikulia Tiruvannamalai, kusini mwa India, na wakati wa Vita Kuu ya Pili baba yake alikuwa amezuiliwa na Wajapani. Baadaye alipelekwa Uingereza, akasomea uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, mwaka 1968.

Aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, lakini kazi ya kuajiriwa haikumkaa. Akaiacha, akaanza kuandika na kuchapisha vitabu vya kueleza kompyuta ndogo kwa lugha ya kueleweka. Vitabu vilitoka sana, na mwaka 1979 aliuza biashara hiyo kwa kampuni ya McGraw-Hill.

Kompyuta ya kubeba

Fedha za vitabu zilimpa nafasi ya kujaribu jambo jingine. Akishirikiana na mhandisi Lee Felsenstein, alitengeneza Osborne 1, ambayo ilionyeshwa San Francisco Aprili 1981. Ilikuwa na umbo la sanduku lenye mpini, uzito wa kilo 11 hivi, na ilienea chini ya kiti cha ndege. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na haikuwa na betri ya ndani. Hata hivyo ndiyo iliyofungua njia ya biashara ya kompyuta za kubebeka, kabla ya laptop za leo.

Osborne hakutafuta vipuri vya ajabu. Alitumia vilivyokuwa vinapatikana sokoni, akalenga mashine inayotosha kwa kazi na inayonunulika. Bei ilikuwa dola 1,795, na ndani ya bei hiyo zilikuwemo programu za kuandikia barua, za mahesabu na nyinginezo. Kuzinunua programu hizo moja moja kungegharimu takriban dola 1,500. Mteja aliondoka dukani na kitu kilicho tayari kwa kazi siku hiyohiyo. Mauzo yalipofika kileleni yalikuwa mashine 10,000 kwa mwezi.

Mdomo ulitangulia mzigo

Washindani hawakulala. IBM ilitoa kompyuta yake Agosti 1981. Kaypro ikaja na kioo cha inchi 9 kwa dola 1,595. Compaq nayo ikaleta kompyuta ya kubeba inayotumia programu zilezile za IBM, jambo ambalo Osborne 1 haikuliweza.

Mapema mwaka 1983 habari za toleo jipya, Osborne Executive, lenye kioo kikubwa zaidi, zilifika kwa wenye maduka kabla mashine zenyewe hazijawa tayari kwa wingi. Wenye maduka wakafuta oda za toleo la zamani ili wasubiri jipya. Ghala likajaa na fedha zikakatika, huku wadai wakibisha hodi. Waliochunguza baadaye wanasema ushindani na uongozi dhaifu wa ndani vilichangia sana. Hata hivyo, kosa la kutangaza bidhaa mpya kabla ya kumaliza ya zamani linaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Hakukata tamaa. Mwaka 1984 alianzisha Paperback Software, kampuni ya kuuza programu kwa bei nafuu. Mwaka 1987 kampuni ya Lotus iliishtaki kwa kuiga programu yake ya mahesabu, na mwaka 1990 mahakama iliipa Lotus ushindi. Afya ya Osborne ikazorota. Mwaka 1992 alirudi India, na huko Kodaikanal alifariki Machi 18, 2003, akiwa na umri wa miaka 64.

Funzo kwa waagizaji

Kwa mfanyabiashara anayeagiza laptop, maisha ya Osborne yanaonyesha kwamba uimara wa chapa hauishii kwenye bodi na kioo. Mwenye Osborne 1 alibaki na mashine inayowaka, lakini kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeanguka na programu mpya zilikuwa zinaandikwa kwa ajili ya IBM. Kabla ya kulipa, ni vyema kujua nani atauza betri na chaja zake miaka mitatu ijayo, fundi gani wa karibu anaifahamu, na toleo linalofuata linatoka lini. Mzigo ukikaa mwezi mzima bandarini na mpakani, unaweza kufika dukani ukiwa umeshaitwa wa zamani. Na mwenye duka anayetaka kutangaza mzigo mpya, kwanza aangalie ghala lake lina nini.